Altezza yangu ya kila siku niiwekee LSD gani?

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Naishi Dar es Salaam, nina Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, injini bado ni 3S-GE iliyotoka nayo kiwandani. Naiendea kazini kila siku, na mara chache kwa mwaka naipandisha Lushoto kwa wazazi. Nimeishusha kwa springi fupi na kuiwekea stabilaiza nene ya nyuma (chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona). Shida yangu: nikitoka kwenye kona kwa gia ya pili, hasa mvua ikinyesha, tairi ya ndani inazunguka bure na gari haliendi. Difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili za nyuma) ni ya kawaida. Rafiki mmoja anasema niichomelee. Mwingine ananiuzia LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake) ya klachi ya njia mbili aliyoitoa kwenye gari la kudrifti. Ilala nako nimeonyeshwa difu nzima ya Torsen (aina nyingine ya LSD) iliyotumika. Niende na ipi? Na je, nikimwaga oili niliyonayo nikatia ile ya LSD, itasaidia walau kidogo?"

Marahaba, mwanangu. Chukua Torsen ya Ilala, iwapo itapita ukaguzi nitakaoueleza huko mbele. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, ng'oa hiyo stabilaiza nene, rudisha ya kiwandani, kisha endesha gari wiki mbili. Umeandika habari ya stabilaiza kwa kupitia tu, kumbe ndiyo sehemu ya barua yako iliyonishtua kuliko zote.

Wengi husema difu ya kawaida hupeleka nguvu yote kwenye tairi inayoteleza. Sivyo. Difu ya kawaida hugawa torki (nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) sawa kwa sawa, kushoto na kulia, wakati wote. Balaa ni kwamba kiasi hicho cha sawa kwa sawa hupangwa na tairi iliyo dhaifu. Injini yako ikiwa nzima hutoa karibu Nm 216. Gia ya pili na difu kwa pamoja huzidisha torki hiyo kama mara tisa, kwa hiyo kwenye shafti za nyuma kuna takriban Nm 1,900 za kugawana. Sasa uko kwenye kona yenye maji, gari limeegemea nje, na tairi ya ndani imebaki na uzito mdogo. Tuseme inaweza kubeba Nm 250 kabla haijateleza. Basi ya nje nayo hupata 250, hata kama ina uwezo wa kubeba mara tatu ya hapo. Jumla 500. Injini inaizungusha ile tairi nyepesi, mshale wa mizunguko unapanda, na wewe unabaki palepale.

Tazama sasa kazi ya stabilaiza. Inapinga gari kulala upande kwa kuhamisha uzito kutoka tairi ya ndani kwenda ya nje. Ukiifanya nene nyuma, mwili wa gari utatulia na usukani utaonekana mkali zaidi, lakini umeinyang'anya tairi ya ndani ya nyuma uzito uleule inaouhitaji ili ivute. Springi fupi nazo zina lao: shokamzoba ikifika kwenye mpira wake wa mwisho katikati ya kona, upande huo unakuwa mgumu ghafla, na tairi ya pili inanyanyuka. Kwa gari lenye difu ya kawaida na linaloendesha tairi za nyuma, stabilaiza nene ya nyuma ni mwaliko wa hilo hasa unalolilalamikia. Nimeona magari kadhaa ya aina hii ambayo wenyewe walikuja kutafuta LSD, wakaondoka na stabilaiza ya kiwandani na tairi mbili mpya, wakaridhika. Huenda na wewe ukawa mmoja wao. Usiporidhika, bado kazi hiyo haijapotea, kwa sababu hata Torsen hutegemea tairi ya ndani iwe na uzito. Nitalirudia hilo.

Na tairi zenyewe? Hukuzitaja. Angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikisomeka 2314, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kama kashata zake bado ni ndefu, raba imeshakuwa ngumu na kwenye maji haina mshiko. Difu yoyote ile hufanya kazi na mshiko uliopo. Haiongezi hata chembe. Zaidi ya hapo, siku ukiweka LSD ni lazima tairi mbili za nyuma ziwe za chapa moja, saizi moja na uchakavu unaolingana. Mchanganyiko wa tairi za mtumba, moja kubwa kidogo na moja ndogo, huilazimisha difu kusuguana kilomita zote za maisha yake, hata barabara ikiwa imenyooka.

Baada ya hayo, tuzungumze difu zenyewe.

Ya kuchomelea sitaki hata uijaribu kwenye gari la barabarani. Ukichomelea gia za ndani, tairi mbili za nyuma zinalazimika kuzunguka kwa kasi moja. Lakini kwenye kona tairi ya nje husafiri mbali zaidi. Ukizungusha gari duara moja kamili, tofauti kati ya njia ya nje na ya ndani ni upana wa ekseli mara 6.28, na haijalishi duara ni kubwa au dogo. Altezza ina karibu mita 1.5 kati ya tairi na tairi nyuma, kwa hiyo kila ukigeuka duara zima kuna zaidi ya mita 9 ambazo tairi moja lazima iziburute. Kipilefti kimoja asubuhi, kimoja jioni, kuegesha, kutoka, kugeuza gari uchochoroni. Tairi zinaliwa, shafti zinapindwa, na chomelea yenyewe ikivunjika, vipande vinaingia kati ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Ikitokea hivyo ukiwa kwenye mwendo, tairi za nyuma zinaweza kujifunga. Rafiki yako hakutakii mabaya, ila anafikiria uwanja wa kudrifti. Wewe una safari ya Mombo kwenda Lushoto, njia ya kona juu ya kona, yenye mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Kuna aina nyingine utakayokutana nayo ukizunguka madukani, ile ya viskasi, yenye visahani vinavyozunguka ndani ya silikoni nzito iliyofungiwa. Nissan waliipenda kwenye Silvia, na Mazda Roadster za kwanza zenye injini ya 1.6 baadhi zilikuwa nayo. Haishiki mpaka tairi moja izunguke haraka kuliko nyingine kwa muda, kwa maana hiyo inachelewa, na baada ya miaka ishirini silikoni imechoka na kwa kawaida haina tena inachokifanya. Mazda wenyewe walipoweka injini ya 1.8 mwaka 1993 walihamia Torsen. Ukiona ya viskasi, ipite.

Ya klachi inahitaji maelezo zaidi, maana ni difu nzuri kweli na sipendi uikatae kwa sababu zisizo sahihi. Wazo la kuzuia mtelezo ni la zamani: miaka ya 1930 mhandisi Ferdinand Porsche aliwaomba kampuni ya ZF wamtengenezee difu ya kuzuia mtelezo kwa ajili ya magari ya mashindano ya Auto Union, ambayo tairi zake zilikuwa zikizunguka bure hata kwenye mwendo mkubwa sana. Ndani ya LSD ya klachi ya siku hizi kuna visahani vingi, nusu vimeshikana na shafti, nusu vimeshikana na kasha. Pini inayobeba gia ndogo imekaa kati ya pete mbili zenye mteremko. Ukikanyaga mafuta, pini inapanda mteremko, pete zinasukumwa mbali, visahani vinabanwa. Mafuta mengi, mbano mkubwa. Pembe za mteremko ndizo huamua tabia. Ya njia moja hubana ukikanyaga tu. Ya njia moja na nusu hubana ukikanyaga, na ukiachia mafuta hubana kidogo. Ya njia mbili hubana sawa pande zote. Kisha kuna mkazo wa awali, yaani springi zinazobana visahani hata injini ikiwa haisukumi kitu.

Mkazo huo wa awali ndio fahari ya difu ya klachi. Tairi moja ikinyanyuka kabisa hewani, nyingine bado inapata kitu. Ndiyo maana madereva wa mashindano na wa kudrifti huitaka. Tena unaweza kuifungua, ukapanga upya visahani na kubadili tabia yake kabisa.

Lakini hiyo unayouziwa ni ya njia mbili, na imetoka kwenye gari la kudrifti. Njia mbili maana yake ni kwamba ukiingia kona ukiwa umeachia mafuta, difu bado imezibana tairi za nyuma pamoja. Gari linataka kwenda moja kwa moja, pua inakataa kugeuka, na unalazimika kuutelezesha mkia kwa mafuta ili likubali. Mtu wa kudrifti anataka hasa hivyo. Wewe, ukishuka Lushoto kwenye mvua, unataka pua igeuke bila mabishano. Ukiegesha utasikia ikigonga kwa nyuma, tak, tak, tak, visahani vikishika na kuachia. Oili yake inataka kubadilishwa mapema sana kuliko ya difu ya kawaida, kwa sababu kila kona visahani vinaacha unga wa chuma ndani yake. Na visahani huisha. Vikiisha, LSD ya klachi hurudi kuwa difu ya kawaida, kimya kimya. Ya rafiki yako imechapwa kiasi gani? Dakika chache na spana ya torki zitakuambia: gari likiwa gia huru, tairi moja chini na moja juu, breki ya mkono imeachiwa, pima nguvu inayohitajika kuizungusha ile ya juu. Kwa gari la barabarani ningeridhika na Nm 50 hadi 80. Ukikuta inazunguka kwa urahisi, unanunua kasha tupu. Ukikuta inahitaji nguvu kupita kiasi, utaichukia wiki ya kwanza.

Ungeniambia unaenda uwanjani kila mwezi, una tairi za kazi, na gereji unayoiamini ina mtu aliyewahi kufungua difu za aina hii, ningekuelekeza kwenye ya klachi ya njia moja na nusu, mpya, yenye mkazo mdogo. Hukuniambia hivyo. Umeniambia kazini na Lushoto.

Torsen haina visahani vya kubana. Ni gia tupu, zilizokatwa mshazari, zikikaa ndani ya mifuko kwenye kasha. Torki ikipita, mshazari wa meno unazisukuma gia zibane kwenye kuta za kasha na kwenye vikombe vya pembeni, na msuguano huo ndio unaozuia tairi moja kukimbia peke yake. Mmarekani Vernon Gleasman alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1958, na miaka ya 1980 Audi wakaliingiza katikati ya magari yao ya quattro, yanayoendesha tairi zote nne. Uzuri wake ni kwamba msuguano unazaliwa na torki yenyewe. Ukiwa kipilefti kwa mwendo wa taratibu, torki ni ndogo, difu inakuwa karibu sawa na ya kawaida, haigongi, hailii. Ukikanyaga, inashika papo hapo, kabla tairi haijaanza kukimbia. Hungoji kitu kipate moto.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kila difu ya aina hii ina uwiano wa mgawo, yaani ni mara ngapi tairi yenye mshiko inaweza kupewa kuliko ile dhaifu. Uwiano hutofautiana kwa miundo, tuchukue 2.5 kwa mfano. Tairi ya ndani inabeba Nm 250. Ya nje sasa inaweza kupata hadi 625. Jumla 875, badala ya zile 500. Kona ileile, mvua ileile, tairi zilezile. Hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia mgongoni.

Na udhaifu wake uko ndani ya hesabu hiyohiyo. Mara 2.5 ya sifuri ni sifuri. Tairi ya ndani ikinyanyuka hewani, au ikakanyaga tope tupu, Torsen nyingi hazina cha kuzidisha, na gari linasimama kama lenye difu ya kawaida. Hapo ndipo stabilaiza nene inapokuumiza mara ya pili. Watu huweka Torsen kwenye gari lililoshushwa kupita kiasi na kukazwa nyuma, tairi ya ndani inaruka, kisha wanasema Torsen ni mbovu. Zipe tairi zote mbili ardhi ya kukanyaga na malalamiko yataisha. Ukikwama kwenye tope, vuta breki ya mkono kidogo, siyo ya kufunga, huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki inaipa tairi dhaifu kitu cha kupingana nacho, na difu inapata cha kuzidisha kwa upande wa pili.

Usinichukulie mimi peke yangu. Toyota na Subaru walipotoa 86 na BRZ mwaka 2012, gari la injini ya lita 2.0 na nguvu farasi 200, linaloendesha tairi za nyuma, karibu ndugu wa moja kwa moja wa RS200 yako, waliliwekea Torsen kwenye matoleo mengi. Honda Integra Type R ya mwaka 1995, japokuwa inaendesha tairi za mbele, nayo ilipewa difu ya gia za mshazari. Baadhi ya Altezza zenyewe zilitoka kiwandani na Torsen, na ndiyo sababu hiyo difu ya Ilala inaweza kuingia kwenye gari lako bila kuchonga chochote. Wahandisi hao walikuwa wakimfikiria mtu atakayeendesha mvua na jua, atakayesahau kuna difu huko chini mpaka siku ya kubadili oili. Mtu kama wewe.

Sasa ukaguzi. Nenda Ilala mchana, na tochi, sumaku ndogo na kitambaa cheupe. Usiende Jumamosi wakati duka limejaa na muuzaji hana subira.

Kwanza hakikisha ni Torsen kweli. Kuna jaribio ambalo kila mtu atakuonyesha: zungusha upande mmoja, ukiona upande wa pili unazunguka kinyume, basi eti ni difu ya kawaida. Jaribio hilo linafaa kwa difu ya klachi, lakini kwa Torsen linadanganya. Torsen ikiwa haina torki inayopita, upande wa pili unaweza kuzunguka kinyume vilevile, ila kwa uzito kidogo. Nimeona watu wakikataa Torsen nzima kabisa kwa sababu ya jaribio hili. Njia ya uhakika ni kufungua kifuniko cha nyuma na kuangalia kasha. Difu ya kawaida ina madirisha makubwa na ndani unaona gia ndogo za koni zikiwa kwenye pini. Torsen ina kasha zito, karibu limezibwa, na kwenye nafasi zake utaona gia nyembamba zenye meno ya mshazari zimelala kwa urefu. Ukimulika tochi kwenye tundu la shafti, hutaona ile pini ya katikati.

Pili, uwiano wa krauni na pinioni. Weka alama kwa chaki kwenye krauni na kwenye flanji ya mbele (sahani ya difu inayofungwa propela shafti). Zungusha flanji mpaka krauni imalize mizunguko 10, huku ukihesabu. Flanji ikizunguka mara 43, uwiano ni 4.3. Fanya hivyohivyo kwa difu yako, au soma kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini, penye maneno TRANS/AXLE, umpe muuzaji namba hiyo aitafute kwenye orodha ya spea. Zisipolingana, gari litaendesha, ila mizunguko ya injini kwenye gia ya sita itapanda au kushuka, na wewe unatembea safari ndefu.

Tatu, oili iliyobaki ndani. Ipanguse kwa kitambaa. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ya boliti ni kawaida. Chembe unazoweza kuzihisi kwa vidole si kawaida. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, achana nayo. Meno ya krauni yawe yanang'aa sawasawa, bila mikwaruzo wala vishimo. Tingisha flanji ya pinioni juu na chini: isicheze hata kidogo. Ikicheza, beringi za pinioni zimekwisha, na kuzibadili kunamaanisha kuanza upya vipimo vyote.

Ikipita hayo, una njia mbili za kuifunga. Ya kwanza ni kubadilisha difu nzima na hausingi yake (ganda la nje la difu), ya pili ni kutoa kasha la Torsen na kuliingiza kwenye hausingi yako pamoja na krauni yako. Kama uwiano unalingana na meno ni mazima, nakushauri ya kwanza bila kusita. Krauni na pinioni hiyo imezoeana kwa miaka, vipimo vyake vilipangwa kiwandani, na fundi wa kawaida mwenye jeki nzuri na stendi imara anaweza kuimaliza kwa siku moja. Badili sili za shafti na ya pinioni ikiwa chini, kwa sababu difu ikishafungwa kwenye gari kazi hiyo ni mateso. Angalia na mipira inayoishika difu kwenye fremu. Difu mpya yenye kushika vizuri kwenye mipira iliyochanika itagonga kila ukikanyaga na kuachia, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Njia ya pili inataka fundi wa difu, na wako wachache. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni kwa difu nyingi za Toyota za aina hii ni kati ya 0.13 na 0.18 ya milimita. Hiyo hupimwa kwa geji ya saa. Hakuna kidole cha binadamu kinachoihisi. Kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa ili kuona yanapogusana. Krauni yenyewe, kabla ya kuvishwa kwenye kasha, Toyota huelekeza ipashwe kwenye maji yanayochemka ili itanuke na kukaa bila kugongwa. Muulize fundi wako anaivishaje. Akikuambia kwa nyundo, mshukuru na uondoke. Difu iliyofungwa vibaya hulia kama filimbi kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na hakuna oili itakayoinyamazisha.

Kwa Torsen, tia gia oili ya daraja la GL-5. Kwa joto la Dar, 75W-90 nzuri au 85W-90 zinatosha. Haihitaji dawa ya LSD. Badili baada ya kilomita 1,000 za kwanza ili kutoa uchafu wa zamani, uangalie tena sumaku, baada ya hapo fuata muda wa kawaida. Ungekuwa umenunua ya klachi mpya, ningekuambia uizungushe gari kwa taratibu kwenye umbo la namba nane, kushoto na kulia, kisha umwage oili hiyo mara moja. Torsen haikudai hayo.

Kuna jambo moja ambalo wauza LSD hawalisemi, na ningependa ulisome mara mbili. Hivi sasa, ukizidisha mafuta kwenye kona yenye maji, tairi moja ya ndani inazunguka bure, lakini ile ya nje bado imeishika barabara na kuuzuia mkia usitoke. Inakera, ila inakulinda. Ukishaweka LSD, kiasi cha mafuta unachoweza kukanyaga kabla ya tatizo kitaongezeka sana. Ukikivuka, tairi zote mbili zitateleza kwa pamoja na mkia utatoka. Altezza yako haitakuonya kwa mlio wa tairi moja kama ilivyozoea. Kwa hiyo mvua ya kwanza baada ya kufunga, usiende moja kwa moja barabara ya milimani. Tafuta uwanja mtupu, uliolowa, usio na nguzo wala watu, ukanyage kidogo kidogo kwa gia ya pili huku umegeuza usukani mpaka ujue mkia unatoka wakati gani na unarudi vipi ukiachia mafuta taratibu. Kuachia ghafla kunazidisha. Mzoeshe mguu wako kwanza, ndipo umpandishe mama yako Lushoto.

Umeuliza mwisho kuhusu kutia oili ya LSD kwenye difu uliyonayo. Haitasaidia. Dawa iliyomo kwenye oili hiyo imewekwa ili visahani vya klachi viteleze kwa ulaini na visigonge, na difu yako haina visahani. Haitaharibu kitu ikiwa ni GL-5 ya unene sahihi, lakini tairi ya ndani itaendelea kuzunguka vilevile. Hela hiyo nunulia sili tatu za difu, mbili za shafti na moja ya pinioni, uziweke nyumbani zikisubiri.